Uso Uliobaki Kwenye Blanketi

Mtu akiniuliza nafanya kazi gani hapa Sydney, husema natunza wazee, na maongezi yanaishia hapo. Hakuna anayetaka kujua zaidi. Wanadhani ni kubadilisha mashuka na kupika uji, na hawajakosea sana. Ila kwa karibu miaka miwili, asubuhi tatu kila wiki, nilikuwa pia namwangalizia mtu picha alizozichora mwenyewe, kwa sababu macho yake yalikuwa yamekataa. Hilo halikuandikwa kwenye mkataba wangu, na ndilo lililonishinda.

Alikuwa Mskoti, mwenye miaka themanini na kitu, akiishi peke yake Penrith kwenye nyumba ya matofali yenye uwanja mpana nyuma. Mimi nakaa Doonside. Nilikuwa napanda treni ya asubuhi, ile inayokwenda kinyume na watu wote. Wao wanaelekea mjini wamebanana. Mimi naelekea magharibi, na behewa zima ni langu na labda mtu mwingine aliyelala na viatu kwenye kiti. Humo ndimo nilimokuwa nakunywa chai yangu ya chupa na kula mkate. Kula bila kumwambia mtu "karibu" ni jambo nililopewa miaka mingi ya kulizoea, na bado sijalizoea.

Siku ya kwanza alinifungulia mlango, nikamsalimia, naye akageuza uso pembeni. Nikasema moyoni, haya, yameanza. Nilishawahi kutunza bibi mmoja aliyekuwa akifuta kiti nikiinuka, kwa hiyo nilijua dharau inavyofanana. Nikaosha vyombo kwa hasira, nikavipanga kwa hasira, nikaandika ripoti yangu kwenye simu: mteja yuko salama, amekula uji.

Kumbe macho yake yalikuwa yamekufa katikati. Pembeni alikuwa anaona, lakini pale anapolenga kutazama palikuwa na doa la kijivu, kwa hiyo akitaka kukuona lazima atazame kando yako. Na mimi nililelewa nisimkazie macho mtu mzima. Tukawa tunaongea hivyo wiki tatu nzima, yeye anatazama friji, mimi natazama viatu vyake. Mwishowe akaniuliza nimeficha nini mpaka nashindwa kumtazama. Nilipomweleza alicheka mpaka akapaliwa. Tangu siku hiyo nikaanza kumwita mzee, nikamfafanulia kwamba si tusi, naye akakubali kwa kuwa, alisema, ushahidi ulikuwa mwingi.

Tuliongea Kiingereza, kama kile kilikuwa Kiingereza. Changu nilikijenga ukubwani, juu ya Kiswahili nilichokiokota Kigoma kwenye kambi ya wakimbizi, juu ya Kirundi cha wazazi wangu. Chake kilikuwa cha kwao, na hata Waaustralia walikuwa wanaomba akirudie. Labda ndiyo maana tulisikilizana. Kila mmoja alijua namna ya kusubiri sentensi ya mwenzake ifike.

Maisha yake nilisimuliwa kwa vipande, asubuhi, yeye akila uji wenye chumvi. Chumvi! Nilimwonea huruma kwa uji ule kuliko kwa macho. Baba yake alikuwa fundi rangi, wa kupaka milango na madirisha ya watu, katika mji mdogo wa pwani ambako alisema mvua hainyeshi bali inakaa. Mtoto alipopata nafasi ya chuo cha sanaa, baba akamwambia, mimi napaka vitu vinavyohitaji rangi, wewe unakwenda kupaka visivyohitaji. Hakumwambia neno jingine kuhusu kazi hiyo mpaka alipokufa. Mzee alisoma, akaoa, akaletwa Australia kufundisha kuchora katika shule ya sekondari huku magharibi mwa Sydney. Alikuja kwa miaka miwili. Alistaafu hapo hapo, darasa lile lile, akiwa na mvi.

Alichora Jumapili. Nyua za watu, kamba za nguo, uzio, mapipa ya taka. Mara moja tu picha zake ziliwekwa kwenye ukumbi mjini, na mwandishi wa gazeti akaandika kwamba Australia ya mtu huyu inaonekana imenyeshewa wiki nzima. Maneno yale aliyajua kwa moyo. Alisema mwandishi hakukosea, kwamba kila alipochanganya rangi ya jua la hapa, mkono ulimpa rangi ya kwao. Mimi nilipoziona hizo picha nilijua wazi anasema nini, kwa sababu ziliniletea asubuhi za masika kambini, turubai juu ya vichwa vyetu likilia. Lakini sikumwambia. Nilimwambia ni nzuri.

"Nzuri si jibu," alisema. "Soksi ni nzuri. Niambie unaona nini."

Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kufundisha. Miaka yote ile darasani hakuruhusu mtoto kushika penseli kabla hajasimama dakika kumi kusema kwa mdomo anachokiona. Sema unachokiona, alikuwa anawaambia, usiseme unachokijua. Na sheria ya pili, hakuna kugusa picha. Hata yeye mwenyewe, akiwa mbele ya picha, mikono aliiweka nyuma.

Sasa binti yake, anayeishi Perth, alikuwa amempatia nafasi kwenye nyumba ya wazee karibu naye, huko upande mwingine wa nchi. Chumba chenyewe kilikuwa na ukuta mmoja wa kutundika kitu kimoja. Kwa hiyo nilikuwa namtolea picha kutoka gereji, moja moja, naziegemeza kwenye kochi, namweleza, ili achague. Na mimi kila moja nasema nzuri. Niseme nini? Kwetu mtu mzima akikupikia chakula kibaya unasema kitamu, na unaomba kuongezwa kidogo. Ningesimama nyumbani kwa mzee wa watu, nikiwa nimevaa sare ya kazi, nimwambie huyu mbwa wako anafanana na mbuzi? Nilisema nzuri mpaka akachoka kupiga mkono wa kiti kwa hasira.

Baadaye nilijua kwamba alikuwa ananichezesha tu. Picha ya kwenda nayo alishaichagua zamani. Ilikuwa ya mkewe.

Mkewe alifariki kabla macho hayajaanza kuharibika. Picha ilimwonyesha amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma anamenya viazi, na ilimchukua mzee Jumapili za miaka mitatu. Mwili ulikuja upesi. Uso ulikataa. Kila Jumapili jioni aliukwangua kwa kisu na kila Jumapili iliyofuata akaanza upya, mke amekaa pale pale, viazi vipya. Kisha siku moja ukaja. Hakuuza picha hiyo ingawa iliulizwa, wala hakuitundika baada ya msiba, maana hakuweza. Aliivika blanketi la kijivu, akaifunga kamba, akaisukuma mwisho kabisa wa gereji. Akaiacha huko.

"Nenda kaniletee," akaniambia siku hiyo. "Ni wakati wake."

Zilikuwa zimebaki dakika ishirini za zamu yangu, na nilikuwa na mteja mwingine Kingswood. Naliandika hili si kwa kujitetea. Nilikwenda gereji kwa haraka, nikahamisha mabomba na viti vibovu, nikaipata. Juu yake bati lilikuwa na kutu, na ukutani mna michirizi ya maji ya zamani. Niliiona michirizi. Blanketi lilikuwa limekauka na kukakamaa. Nikakata kamba, nikashika pembe ya blanketi, nikavuta kama mtu anayefunua kitanda.

Ilitoa sauti ya ukoko unaobanduka sufuriani. Niliposimama kuangalia, mwanamke alikuwa amekaa kwenye ngazi ana mikono, ana sketi, ana ndoo, ana shingo. Juu ya shingo palikuwa na kitambaa kitupu, rangi ya unga wa muhogo. Uso wake ulikuwa mkononi mwangu, umegandamana na sufu ya blanketi, vipande vipande.

Mzee alikuwa amenifuata polepole, akipapasa ukuta. Akasimama kwenye mlango wa gereji, mikono nyuma, uso umegeukia kwenye mashine ya kukatia nyasi ili anione.

"Yupo?" akauliza.

"Yupo," nikasema.

Neno moja. Lilitoka lenyewe, kama unavyomjibu "salama" anayekusalimu hata kama nyumba inaungua. Nikaliviringisha blanketi, nikalitia kwenye begi langu chini ya aproni. Kulitupa kwenye pipa la taka sikuweza, uso wa mtu ungetupwaje? Picha nikaipeleka sebuleni nikaiweka mbele ya kiti chake, alipopataka. Yeye hakujua tofauti. Kwake kila uso, hata wangu, hata wa binti yake kwenye simu, ulikuwa na doa tupu katikati. Na kwa sheria yake mwenyewe hakuigusa.

Asubuhi ya zamu yangu iliyofuata, kabla sijavua koti, akasema, "Haya. Dakika kumi. Uso wake."

Nikatazama pale patupu. Ningeweza kusema siku hiyo. Badala yake nikafungua mdomo, na kilichotoka ni mama yangu. Nilisema ameinamisha macho lakini anajua anatazamwa. Nilisema pembe moja ya mdomo imepanda kidogo, kama mtu anayejizuia kucheka. Kati ya nyusi kuna mkunjo, kwa sababu kisu ni butu na hataki kusema. Nilisema mengi. Sijawahi kumsema mama yangu hivyo kwa mtu yeyote, na ilinipa raha ambayo naiona aibu kuiandika.

Mama yangu alifia kambini. Mimi nilikuwa hapa Doonside, na sikuambiwa kwa miezi saba.

Wanaotoka kwetu hawatashangaa. Mtu akiwa mbali, peke yake, hatupiwi habari ya msiba kwa simu. Unasubiri, unatafuta watu wa kumshika. Kaka zangu waliniambia mama anakohoa kidogo. Baadaye sauti imemkauka. Baadaye amekwenda maombini, amelala, simu yake imeharibika. Mimi kila Jumapili nikitoka kanisani namtumia ujumbe wa sauti kupitia simu ya kaka mkubwa, namweleza baridi ya hapa, bei ya ndizi, mjukuu wake anavyonijibu Kiingereza. Naimba kidogo. Namwambia asisahau dawa. Kisha Jumamosi moja mchungaji na kina mama wanane wakagonga mlango wangu. Nilifurahi! Nilidhani ni ugeni. Niliweka maji ya chai jikoni, nikawa natafuta vikombe vya kutosha, na mama mmoja akaja akazima jiko akaniambia, dada, kaa chini.

Kaka mkubwa alisema walinihurumia. Ungekuwa na nani huko ugenini, alisema. Nikamshukuru. Nilimwambia asante kaka kwa kunihurumia, na tangu siku hiyo sijampigia isipokuwa Krismasi.

Kwa hiyo nilijua. Nilijua kuliko mtu yeyote Penrith ni nini nilichokuwa namfanyia yule mzee, na nikaendelea wiki sita.

Nilijaribu kuomba ushauri. Kuna dada Mkongo, mtu wa Uvira, ana duka dogo Granville ninakonunua unga na dagaa. Nilimweleza yote, tumeegemea jokofu la samaki.

"We dada, usimuambie kitu," akasema. "Muzee anaenda kule nursing home, after two months hata jina yake atasahau. Sasa unamuumiza ya nini? Na kampuni wakijua ni weye uliharibu ile picha, watakukata shift zote. Hii maneno, uimeze."

"Lakini ananiuliza kila siku."

"Basi mujibu kila siku. Ni kazi? Si unalipwa kwa hour?"

Tukacheka wote wawili. Niliondoka na unga wangu nikiwa mpweke kuliko nilivyokuja. Nyumbani nikamwambia binti yangu, ambaye alikuwa anakula wima kabla ya zamu yake ya ghala. Anasikia Kiswahili chote lakini hakijamtoka kinywani tangu darasa la tatu.

"Mum, that's messed up," akasema. "Just tell him."

Akachukua funguo akaenda. Nikabaki na sahani yake.

Kilichonibadilisha hakikuwa ushauri wa mtu. Ni mzee mwenyewe. Mwanzoni, nikimweleza ule mdomo unaozuia kicheko, alikuwa anakunja uso na kusema, "Sikumbuki kuweka hilo." Wiki ya pili akasema labda aliliweka. Wiki ya nne nikiwa naosha vyombo nikamsikia anaiambia picha habari za asubuhi, nyasi zimekauka, binti amepiga simu, halafu akasema, "Unajizuia kucheka, nakuona." Na wiki ya sita akawa ananisimulia mimi jinsi mkewe alivyokuwa na tabia ya kujizuia kucheka, na mkunjo kati ya nyusi akikasirikia kisu, tangu walipokuwa vijana huko kwao. Alisema kwa uhakika. Alikuwa anamkumbuka mama yangu.

Mkewe hakuwa na picha nyingine ya uso wake iliyo hai isipokuwa kichwani mwa mzee huyu, na mimi nilikuwa naifuta humo pia, kwa upole, kila asubuhi, dakika kumi. Niliogopa. Nilimwogopea yeye na nilijichukia.

Jumatano ya wiki aliyokuwa anahama nikaenda na lile blanketi kwenye begi. Nikampa uji, nikasubiri amalize, nikakaa chini sakafuni mbele yake. Nikamwambia yote: bati, maji, nilivyovuta, nilivyosema yupo. Nikamwekea blanketi mapajani. Akalipapasa na vidole vyake vikakuta vile vipande vigumu, akavisugua kidogo, akavinusa.

"Na huyo mwingine ni nani?" akauliza. "Uliyekuwa unanieleza."

"Mama yangu."

Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha.

"Uliniacha nikaongea naye," akasema. "Wiki sita. Ulikuwa hapo jikoni unasikia."

"Nilisikia, mzee."

"Toka."

Nilitoka. Kituoni Penrith nilikaa kwenye benchi nikaacha treni mbili zipite, maana sikuwa na haraka ya kufika popote. Kwenye ripoti niliandika kwamba mteja yuko salama, kisha nikafuta, kisha nikaandika kwamba nimeharibu mali ya mteja kwa uzembe na nikamdanganya. Nikabonyeza. Alhamisi nzima nilisubiri simu ya ofisi. Walipiga saa kumi jioni kusema kwamba wamepokea, kwamba kutakuwa na kikao, na kwamba Ijumaa nitakwenda kama kawaida kwa sababu mteja ameomba niende. Nikamwuliza yule msichana wa ofisi kama ana hakika. Akasema mteja amepiga mwenyewe, ila hakumwelewa vizuri anavyoongea.

Ijumaa ilikuwa siku yake ya mwisho. Nyumba ilishakuwa maboksi, sauti zinarudi ukutani. Binti yake alikuwa amefika tangu jana yake na alikuwa ametoka kwenda kurudisha funguo za sanduku la posta. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, picha mbele yake, blanketi limekunjwa vizuri pembeni. Hakunisalimu.

"Zile wiki sita zilikuwa nzuri," akasema, na nikashtuka kusikia neno hilo kinywani mwake. "Ndiyo maana nina hasira. Ningekuwa nimeteseka ningekusamehe juzi ileile."

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikamwambia yangu ilikuwa miezi saba. Nikamweleza kaka zangu, ujumbe wa Jumapili, mchungaji, vikombe. Sikuwahi kumweleza mtu hapa Australia, hata wale kina mama wanane, maana wao walikuwa wanajua kabla yangu. Mzee alisikiliza, uso umegeukia dirishani.

"Na ilikuwa mizuri?" akauliza. "Hiyo miezi."

"Ilikuwa mizuri sana," nikasema, na hapo nikalia, kwa sababu ni kweli. Miezi ile saba nilikuwa mtu mwenye mama. Nilikuwa nanunua vitu vidogo vidogo vya kumtumia. Hilo ndilo sikuweza kumwambia kaka yangu: kwamba nisichoweza kuwasamehe si msiba, ni ile furaha.

Aliniacha nilie. Niliponyamaza akasogeza kiti chake nyuma kidogo, kama mwalimu anayempisha mwanafunzi.

"Haya," akasema. "Simama. Dakika kumi. Kilichopo, si kingine. Anza chini."

Nikasimama mbele ya picha, mikono nyuma. Nikamwambia kuna ndoo ya bati yenye maji, na maji yana rangi ya chuma si ya maji. Kuna maganda ya viazi kwenye zege, saba, moja limejikunja. Mguu mmoja una kiatu, mwingine ameuvua nusu. Sketi ni ya kijivu lakini kwenye goti imepauka kwa jua. Mikono inajua inachofanya. Kidole gumba kimetangulia kisu. Shingo imeinama. Juu ya shingo hakuna kitu, kitambaa kitupu, na pembeni yake imebaki mistari ya nywele, mitatu upande wa kushoto.

Alikuwa anaitikia kwa kichwa kila nikitaja. "Endelea."

Nikatazama tena. Kulikuwa na jambo ambalo nililiona tangu siku ya kwanza na kila siku baada ya hapo, na nililipita kwa adabu.

"Ngazi imekaa upande," nikasema.

"Imekaaje?"

"Imeinamia kushoto. Ukuta umesimama vizuri, ngazi imeinama. Ile ndoo ingekuwa ya kweli isingekaa hapo, mzee. Ingebingirika."

Nikauma ulimi. Mdomo wa mzee ukaanza kutetemeka, nikadhani sasa nimemmaliza kabisa. Kumbe kilikuwa kicheko, kinakuja kutoka mbali. Alicheka mpaka akashika mikono ya kiti.

"Ingebingirika mpaka kwa jirani!" akasema. "Alisema hivyo. Jumapili zote za miaka mitatu, amekaa pale na viazi vyake, mimi nahangaika na uso, yeye ananiambia ngazi yako imekaa upande, baba, ndoo itafika kwa jirani. Nilimkatalia. Na kila aliyeiona akasema nzuri. Kila mtu. Sijasikia mtu akiniambia habari ya ngazi ile tangu alipokufa."

Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Alinyoosha mkono, yeye aliyekuwa anawachapa vidole watoto waliogusa picha, akapapasa mpaka akaikuta ile ngazi, akaifuata na kidole kutoka kulia kwenda kushoto, ikishuka.

"Huyu sasa ndiye," akasema. "Huyu ndiye mke wangu. Ifunge, naenda nayo."

Nikaenda kutafuta shuka safi kwenye maboksi.